Funga Hiyo Laptopu, Tucheze

Leo nitawakosea marafiki zangu wengine, na najua kuna wawili watatoka kwa grupu kabla hata hamjamaliza kusoma. Iwe hivyo. Msimamo wangu ni huu: ukikuja kucheza Dungeons & Dragons mezani, watu wakiwa wameangaliana uso kwa uso, laptopu yako ikae ndani ya begi. Sio kando ya sahani ya mandazi. Sio "nimeifungua tu kidogo." Ndani ya begi, zipu imefungwa.

Mwalimu wangu wa Kiswahili angetaka niseme kipakatalishi, lakini hata yeye nje ya darasa alikuwa anasema laptopu, kwa hivyo tuendelee.

Na kabla uanze kuandika "buda, umezeeka mapema," ngoja kwanza. Mkosaji nambari moja kwa hii stori ni mimi mwenyewe. Nitafika hapo.

Kwa wale hawajawahi kucheza, wacha niwaeleze haraka, juu bila hiyo hoja yangu haitashika. Dungeons & Dragons, ama D&D, ni mchezo wa kutunga hadithi pamoja. Ulitoka Marekani mwaka wa 1974, na waliouandika ni Gary Gygax na Dave Arneson. Watu wanne watano wanakaa mezani. Kila mmoja ana mhusika wake: mpiganaji, mwizi, mchawi, chochote. Mtu mmoja anaongoza hadithi, na huyo anaitwa DM. Hapana, sio DM za Instagram. DM anasema, "Mmefika kwa mlango wa pango. Ndani kuna mtu analia. Mnafanya nini?" Wewe unasema mhusika wako anafanya nini. Kama ni jambo linaweza kufeli, unarusha dadu ya pande 20 na namba inaamua. Unaweza kucheza hadithi moja miezi sita. Hakuna mtu anashinda, na hakuna mtu anataka iishe.

Sisi huchezea kwa sebule ya shangazi yangu, Buruburu, kila Jumamosi saa nane. Tuko sita. Mmoja hutoka Rongai, kwa hivyo anapanda matatu mbili kuja na mbili kurudi. Mwingine hufunga duka la simu la mjomba wake mapema ndio aweze kufika. Nawaambia hivi ndio mjue kitu kimoja: hakuna mtu huja hapo kwa bahati mbaya. Kila mtu amelipa nauli, ameacha kitu, amepanga wiki yake ili apate saa nne na hawa watu.

Halafu tukifika, tunafungua laptopu sita na kuzitazama.

Shangazi ndiye alikuwa wa kwanza kuona. Siku moja alileta chai, akasimama hapo mlangoni na sinia mkononi akituangalia. Vifuniko sita vimesimama, waya za chaji zimepita juu ya vitambaa vyake vya kufuma, ekstensheni iko katikati ya sakafu ikingoja kumwangusha mtu. Akauliza, "Wewe kijana, si mliniambia mnakuja kucheza? Mbona kila mtu yuko kazini?"

Tukacheka. Mimi nikamwambia, "Shangazi, ndio hivi mchezo wenyewe huchezwa." Akaweka chai, akaenda zake. Ukweli ni kwamba yule mama hajawahi kushika dadu ya pande 20 maisha yake yote, na alikuwa ameelewa mchezo wetu kuniliko.

Sasa, laptopu zilifikaje mezani? Kwa wengi wetu jibu ni 2020. Kisa cha kwanza cha korona Kenya kilitangazwa tarehe 13 Machi mwaka huo, shule zikafungwa, kafyu ikaingia. Tulikuwa watoto wa sekondari tumefungiwa nyumbani na bando za kuhesabu. Wengi tulikuwa tumeona Stranger Things, ambayo ilianza 2016, na ile sehemu ya kwanza kabisa unaona vijana wanne wakicheza D&D chini ya nyumba. Tukatafuta huo mchezo. Tukapata kuna tovuti kama Roll20 ambazo zinakuwekea ramani na dadu kwa skrini, mnaongea kwa Discord, na hapo mko ndani. Mimi nilijifunza hivyo. Siidharau hata kidogo. Wakati huo laptopu ilikuwa ndiyo meza yetu, na bila hiyo kuna watu ningekuwa sijawahi kukutana nao.

Lakini kafyu iliisha. Sai tumekaa kwa meza ya mbao, na bado tunabeba ile meza nyingine tunaiweka juu yake. Kile kifaa kilitukutanisha sasa kinasimama katikati yetu kama ukuta.

Fikiria wale wazee wa drafti pale steji, na vifuniko vyao vya soda. Mzee akipokea simu katikati ya mchezo, akageuka aongee na mteja dakika tano, akirudi atapata nini? Ubao uko pale pale. Vifuniko viko pale vilikuwa. Anaangalia sekunde kumi na anajua kila kitu. Mchezo umemngoja, juu mchezo uko kwa ubao.

D&D haina ubao wa aina hiyo. Hata kama mna ramani na vijiti vya kuonyesha nani amesimama wapi, hiyo ni sehemu ndogo. Kwamba yule mlinzi wa lango alisita kabla ya kujibu, kwamba malkia alimwita mhusika wako kwa jina la marehemu kaka yake, kwamba mwizi wa kundi lenu ameanza kuogopa giza tangu lile pango: hayo yote hayajaandikwa popote. Yalisemwa mara moja, yakapita. Kama hukusikia, huna. Ubao wa huu mchezo ni masikio ya watu wamekaa hapo, na kila mtu akitoa masikio yake kuna kipande cha ubao kinapotea.

Na hii sio kitu kigeni kwetu ati ya kufundishwa na Wamarekani. Ukiwa mdogo, mtu akitaka kukutolea hadithi alisema nini kwanza? "Paukwa!" Halafu akangoja. Haendi popote mpaka nyinyi wote mseme "Pakawa!" Mkiitikia kwa uvivu, anarudia. Nilikuwa nadhani ile ni mbwembwe ya kuanzia tu. Sai naona ile ilikuwa kuita rejista. Msimulizi anauliza: mko hapa? Juu kama hamko, hadithi ataimwaga wapi?

Sasa acha nitubu.

Kwa kundi letu kuna dada mmoja ana kigugumizi. Nimemuuliza kama naweza kuandika hii, akasema sawa, bora nisimtaje jina. Miezi ya kwanza mhusika wake alikuwa mwanajeshi wa maneno machache sana. Alikuwa anasema "napiga," "nalinda mlango," basi. Polepole akaanza kuongeza. Sentensi moja, mbili. Hakuna mtu alisema kitu juu ya hilo, na nadhani ndiyo maana iliendelea.

Jumamosi moja hadithi ilifika mahali kuna mfalme amefunga maghala ya nafaka na watu wako nje wanakufa njaa. Kundi lilitakiwa kumshawishi. Mimi nilijua nani ataongea, ni yule jamaa wa duka la simu, juu mdomo wake haujawahi kupumzika. Lakini huyo dada akasukuma kiti nyuma akasimama. Akaanza kumwambia mfalme kuhusu kijiji cha mhusika wake, na nani alizikwa huko, na kwa nini yeye alichukua mkuki.

Sijui alisema nini baada ya hapo. Nawaambia ukweli, sijui. Nilikuwa nimeona mambo yanaweza kugeuka vita, kwa hivyo nilikuwa kwa laptopu natafuta nguvu za walinzi wa mfalme. Nikafungua ukurasa, ukanipeleka kwa mwingine, nikaona taarifa ya mtu amejibu posti yangu, nikaibonyeza. Kushoto kwangu jamaa alikuwa anacheki kama mkeka wake wa kubeti umechanika. Kulia mwingine alikuwa anamalizia kazi ya mtandaoni ya kuandika sauti ziwe maandishi, na masikio yake yalikuwa yamezibwa kabisa.

Kukawa kimya. Hicho kimya ndicho kiliniamsha. Nikainua kichwa nikasema, "Pole, umesema? Hebu rudia hiyo ya mwisho."

Nilimwambia mtu mwenye kigugumizi arudie.

Akasema, "Si lazima. Endelea tu." Nikamwambia basi arushe dadu. Akarusha, ikaja 18. Nikasema, "Poa, mfalme amekubali," nikarudi kwa skrini. Kwa sheria za mchezo, alishinda.

Hakuja Jumamosi iliyofuata. Wala ile nyingine. Nikimuuliza ananiambia ako bize na masomo. Wiki ya tatu nikampigia badala ya kutext, na akaniambia. Alisema, "Mahali pengine kote watu hunimalizia sentensi. Hapo kwenu mlikuwa mnangoja nimalize. Siku hiyo hakuna mtu alikuwa anangoja."

Sina utetezi wa hiyo. Ndio maana nimeandika hii posti kwa hasira, na nusu ya hasira ni yangu mwenyewe.

Sasa tuje kwa majibu yenu, juu nayajua yote. Nimeyatumia.

La kwanza: "Vitabu ni ghali, PDF ndio tunaweza." Hii ndio hoja ya maana kabisa na naipa heshima yake. Kitabu cha wachezaji cha mwaka wa 2014 kilikuwa kinauzwa karibu dola 50 huko Marekani. Dola ikiwa karibu shilingi 130, hiyo ni zaidi ya shilingi 6,000 kabla hujalipia kukileta. Hakuna mtu wa kwetu anatoa hiyo pesa kwa kitabu cha mazimwi na mamake anajua. Wale watu wa ng'ambo wanaandika ati laptopu zipigwe marufuku kwa sababu karatasi ina utamu wake, hao wananiudhi pia. Utamu wa karatasi ni wa mwenye rafu ya vitabu.

Lakini angalia vizuri. Kile kitabu kina kurasa 320. Wewe mezani unahitaji ngapi? Karatasi ya mhusika wako, na kama ni mchawi, orodha ya uchawi wako. Kurasa mbili, tatu, sana sana tano. Na sheria za msingi ni za bure kihalali: Januari 2023, baada ya mashabiki kuzua vita kubwa kuhusu leseni, wenye mchezo waliachilia sheria za msingi chini ya leseni ya Creative Commons. Unapakua, unasoma nyumbani, unachagua kurasa zako, unaenda saiba. Ya mtaani kwetu huchapisha ukurasa mmoja shilingi 10. Hiyo ni shilingi 50 kwa mhusika atakayeishi miezi sita. Umewahi kununua smoki mbili kwa pesa zaidi ya hiyo.

La pili: "Mimi huandika noti." Wewe? Nionyeshe noti za wiki iliyopita. Ndio nilidhani. Kundi letu lilikuwa na watu wanne "wanaandika noti," na hakuna hata mmoja alikumbuka jina la yule mzee wa kivuko. Sasa tuna daftari moja la shilingi 40, linazunguka. Wiki hii ni zamu yako kuandika, wiki ijayo ni yangu. Mwanzo wa mchezo, aliyeandika anasoma kwa sauti. Limejaa michoro ya kijinga na doa la chai, na kila mtu analisoma.

La tatu: "Mimi naweza kufanya vitu viwili mara moja." Watafiti wa Kanada walijaribu hii kitu, Faria Sana na wenzake, wakachapisha mwaka wa 2013. Waliweka wanafunzi wa chuo wasikilize somo. Waliokuwa wanafanya mambo mengine kwa laptopu wakati wa somo walipata asilimia 11 chini ya wenzao kwenye mtihani. Hiyo hata haikushangazi. Inayoshangaza ni jaribio la pili. Walichukua wanafunzi wanaoandika kwa kalamu na karatasi, hawana laptopu kabisa, wakawaketisha mahali wanaweza kuona skrini ya mtu mwingine anayezurura mtandaoni. Hao ndio walipata asilimia 17 chini.

Soma hiyo tena. Waliokaa karibu nayo, bila kufanya kosa lolote, waliumia. Najua darasa sio pango la mazimwi, na sitajifanya ule utafiti ulikuwa wa D&D. Lakini macho ni yale yale na sikio ni lile lile. Ukisema "mimi sisumbui mtu, niko tu hapa na laptopu yangu," ujue skrini yako inaonekana na jirani yako, na kitu kinachosogea hapo kinamvuta akitaka asitake.

La nne: "Na simu je?" Simu pia. Kwetu zinakaa kwa sufuria ya shangazi juu ya kabati, na mtu akipigiwa na mamake anaenda kuchukua. Lakini sitakubali kwamba ni sawa. Simu ukiitumia mezani unaiinamia, unaona aibu, unaificha chini ya meza. Laptopu haina aibu. Inasimama. Kifuniko kikiinuka, mtu aliye mbele yako anaona mgongo wa mashine na paji la uso. Jaribu kumbembeleza mfalme ukiongea na paji la uso.

La tano, na hii ni ya ma-DM wenzangu: "Mimi lazima niwe nayo. Nina ramani, nina muziki, nina nguvu za mazimwi, sipendi kufungua vitabu kumi." Sawa. Na utaniambia pia kwamba DM amekuwa na pazia lake la kadibodi tangu zamani, na hilo pia ni ukuta. Kweli. Tofauti ni kwamba lile pazia ni fupi, unaona juu yake, na upande wako hakuna kitu kinacholia kukuambia mtu amejibu posti yako. Pazia linaficha siri zako kwa wachezaji. Laptopu inakuficha wewe.

Nikifanya maandalizi, natumia laptopu usiku kucha. Lakini mezani nimebaki na karatasi tatu: moja ya majina, moja ya mazimwi ya leo, moja ya siri. Muziki unatoka kwa spika ndogo, nimeuwasha kabla watu wafike. Kama kweli huwezi bila mashine, iweke kwa kiti kando yako, sio mbele yako, na mtu akianza kuongea kama mhusika wake, inamishe kifuniko. Hicho kitendo cha kuinamisha peke yake kinamwambia kitu.

La sita ndilo linauma zaidi: "Watu hufungua laptopu juu mchezo wako unaboesha." Hapo mmenishika. Vita ya watu watano, kila mmoja akichukua dakika tano kuamua, maanake unangoja dakika 20 ndio zamu yako irudi. Hata mimi ningecheki mkeka. Kwa hivyo hii kazi sio ya wachezaji peke yao. Sasa nikimpa mtu zamu, namwambia anayefuata ajiandae. Tukibishana sheria, tunatafuta dakika moja. Tukikosa, mimi naamua, tunaangalia baadaye nyumbani. Nimekosea mara kadhaa. Siku moja nilimpa joka uwezo hana. Hakuna aliyekufa, nje ya hadithi.

Na kuna mahali sheria yangu inasimama. Kuna mtu macho yake hayasomi karatasi ndogo na anahitaji maandishi makubwa kwa skrini. Kuna mtu herufi zinamchezea, anasikiliza sheria kwa sauti. Kuna mtu ako mbali, Eldoret ama Doha, na anaingia kwa video. Hao walete vifaa vyao bila kuomba ruhusa ya mtu yeyote, na mtu akiwauliza anijibu mimi. Hicho kifaa kinawaleta mezani. Mimi napigana na kile kinachotutoa.

Hata yule jamaa wa kazi za mtandaoni, namwelewa. Kodi ya nyumba hailipwi na dadu. Tuliongea. Nikamwambia, siku una kazi ya haraka, usije, ama ukuje ukae kwa kochi ufanye kazi yako, ule mandazi, ukimaliza ujiunge. Usikae tu mezani ukiwa hauko. Alikubali. Mara mbili amekaa kwa kochi, na mara zote mbili aliacha kazi nusu akakuja kuuliza, "Ati mmefanya nini na lile daraja?"

Sitawadanganya ati kila kitu kilikuwa sawa kesho yake. Jumamosi ya kwanza bila laptopu ilikuwa mbaya. Kulikuwa na vimya virefu. Mikono haikujua ikae wapi. Mimi nilisahau zimwi lilikuwa limebakisha nguvu ngapi nikaliua mapema juu ya aibu. Na mmoja wetu alitoka kabisa. Aliniambia nimekuwa kama naibu wa mwalimu mkuu, nakagua mabegi ya watu wazima. Sai anacheza mtandaoni na kundi lingine na anafurahia. Namtakia mema, sisemi hivyo kwa kejeli. Kucheza mtandaoni ni mchezo halali. Kuja Buruburu kucheza mtandaoni ukiwa umekaa kando yangu ndio sielewi.

Yule dada alirudi. Nilimwambia nimefunga laptopu na sikumwomba arudie yale maneno ya mfalme, juu hayo yalipita na ni mimi niliyapoteza. Wiki ya pili baada ya kurudi, kundi lilikutana na mtoto amepotea msituni, na mhusika wake akapiga magoti akaanza kuongea naye. Ilichukua muda. Kuna neno moja lilimkwama, nadhani sekunde kumi hivi. Jamaa wa duka la simu, yule mdomo haupumzikagi, alikuwa amefungua kinywa kumsaidia. Halafu akakifunga. Tukangoja. Neno likatoka, na mtoto akashika mkono wake.

Sikuomba dadu. Hapakuwa na haja.

Shangazi alikuwa amesimama mlangoni na sinia, na safari hii hakuuliza kitu. Aliweka chai kwa meza. Nafasi sasa iko.

Kwa hivyo wewe DM unayesoma hii, ama mchezaji, ama hata kama wewe ni wa kadi na Monopoly na hizi stori za mazimwi hazikuhusu: Jumamosi hii jaribu mara moja. Chapisha karatasi yako kwa saiba. Nunua daftari. Weka simu kwa sufuria. Funga hiyo laptopu. Halafu mwangalie mtu aliye mbele yako usoni mpaka amalize kusema.

Kama mtaona nimekosea, komenti ziko wazi, kujeni mnichape. Ila Jumamosi saa nane msinitafute. Sitakuwa na kitu cha kuwajibia.